Taswifu: Maradhi ya Neno "Nitafanya"

Mawaidha ya Ramadhani yaliyotolewa baada ya Sala ya Tarawehe katika ukumbi wa jumuiya yetu, Uingereza. Yameandikwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa, kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeuumba usiku na mchana na akavifanya vipishane ili mwenye kutaka kuzingatia apate kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Wazee wetu watukufu, mama zetu, ndugu zangu katika imani, na nyinyi vijana wetu mlioketi huko nyuma karibu na mlango: nimetakiwa usiku huu nizungumze juu ya maradhi ambayo wanavyuoni wetu wameyaita taswifu, nayo ni tabia ya kuahirisha jambo la kheri kutoka siku hadi siku mpaka wakati wake ukapita.

Neno hili limetokana na neno la Kiarabu "sawfa", linalotangulia kitendo ili kuonesha kwamba kitafanyika baadaye. Sisi Waswahili hatukuhitaji hata neno zima. Tumetosheka na silabi moja tu, "ta", tunayoipachika katikati ya kitendo: nitasali, nitalipa, nitakwenda Hija, nitampigia mama simu. Silabi hii yenyewe haina dhambi, maana bila yake mtu hawezi kuweka nia wala kutoa ahadi. Maradhi huanza pale inapokaa juu ya jambo lile lile mwaka baada ya mwaka, na mwenye kuisema akaridhika nayo kana kwamba kule kusema "nitafanya" ndiko kufanya kwenyewe.

Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hila za Iblis, na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho akaitenga kwa ajili ya matumaini marefu na kuahirisha. Wako wanaohadaiwa kwa ibada zao, wako wanaohadaiwa kwa elimu yao au kwa mali yao, lakini hila hii humfaa kila mtu. Mcha Mungu hatakubali kuambiwa aache kheri. Akiambiwa aifanye kesho, hukubali kwa moyo mkunjufu, tena hulala akijiona ni mtu mwenye nia njema.

Imamu Ghazali, naye, alipoeleza habari za toba alipiga mfano wa mtu aliyekusudia kung'oa mti. Akauona mti umeshika ardhi imara, akasema: nitaurudia mwakani. Naye anajua fika kwamba kila mwaka unaopita mizizi ya mti huzidi kuchimba chini, ilhali nguvu za mkono wake huzidi kupungua. Basi anaahirisha kazi mpaka siku ambayo kazi itakuwa kubwa zaidi na yeye atakuwa dhaifu zaidi, na huku anadhani amejipunguzia taabu.

Ndugu zangu, aghalabu tunapomtaja mwenye kuahirisha, hutujia akilini picha ya mtu mvivu, au mtu asiyejali dini yake. Kisa nitakachokutajieni sasa kinatuonesha mtu wa namna nyingine kabisa. Ni kisa cha sahaba Ka'b bin Malik, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alichokisimulia kwa ulimi wake mwenyewe uzeeni, na Bukhari na Muslim wakakipokea.

Ka'b alikuwa Ansari na mshairi aliyemtetea Mtume (S.A.W.) kwa ulimi wake. Alihudhuria Baia ya Akaba kabla ya Hijra, na hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Ulipofika mwaka wa 9 wa Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwatangazia Waislamu safari ya Tabuk, masafa ya karibu kilomita 700 kutoka Madina, katika wakati wa joto kali, matunda yakiwa yanaiva na vivuli vikitamanika. Kwa ukubwa wa safari hiyo hakuificha kama ilivyokuwa kawaida yake katika safari nyingine, bali aliibainisha ili watu wajiandae.

Ka'b anaeleza kwamba hakuwahi kuwa na nguvu na wasaa wa mali kama aliokuwa nao wakati ule. Hakuwahi kumiliki vipando viwili kwa pamoja kabla ya hapo. Basi kila asubuhi alitoka nyumbani akikusudia kujiandaa pamoja na wenzake, na kila jioni alirudi akiwa hakufanya lolote, huku akijiambia nafsini mwake kwamba uwezo anao na ataweza kujiandaa wakati wowote atakapotaka. Siku zikaenda hivyo mpaka jeshi likaondoka. Akasema atajiandaa katika siku moja au mbili kisha atawafuata. Akatoka asubuhi, akarudi mikono mitupu. Kesho yake vilevile. Jeshi nalo lilikuwa linakwenda mbio, hata likawa halifikiki tena. Baada ya hapo, kila alipotembea katika njia za Madina, hakumwona aliyebaki ila mtu anayetuhumiwa unafiki, au dhaifu ambaye Mwenyezi Mungu amempa udhuru.

Hebu tutue hapa. Ka'b hakuchelewa kwa sababu ya umasikini, wala kwa ugonjwa, wala kwa upungufu wa imani, na alikuwa na nia kila asubuhi. Kilichomchelewesha ni ule uwezo wenyewe. Asiye na kipando anajua kwamba lazima ahangaike leo akitafute. Mwenye vipando viwili hujiona tayari amekwisha fika. Na hili ndilo ninalotaka mlichukue usiku huu: mwenye kuahirisha aghalabu si mtu asiyeweza wala asiyetaka. Ni mtu anayeweza na anayetaka, na kule kuweza na kutaka ndiko kunakomlaza usingizi.

Mtume (S.A.W.) aliporudi, watu zaidi ya 80 walimjia na nyudhuru zao, akazikubali kwa dhahiri yake na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Ka'b hakutafuta udhuru, akasema kweli: hakuwa na sababu yoyote. Yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya, wakasubirishwa hukumu ya Mola wao, na Waislamu wakakatazwa kusema nao. Siku 50 alitembea sokoni bila ya mtu kumjibu, na ardhi pamoja na wasaa wake ikawa finyu kwake.

Katikati ya dhiki hiyo ilimfikia barua kutoka kwa mfalme wa Ghassan akimwalika ahamie kwake, ili amkirimu baada ya watu wake kumtenga. Ka'b alipoisoma alitambua kwamba huo nao ni mtihani, akaiendea tanuri papo hapo akaitia motoni. Hakuiweka mfukoni aitafakari, wala hakusema ataijibu baadaye. Ni Ka'b yule yule aliyerudi nyumbani kila jioni mikono mitupu, lakini sasa amekwisha jua thamani ya saa moja. Toba yao ikateremka katika Suratu Tawba, na mlinganiaji akaitangaza alfajiri kutoka juu ya mlima wa Sal'. Ka'b akaporomoka kusujudu.

Sasa tuje kwetu sisi, tunaoishi ughaibuni.

Maisha ya ugenini yana taswifu yake maalumu. Mtu aliyetoka Unguja, Mombasa, Lamu au Ngazija miaka 20 iliyopita, mpaka leo maisha yake ameyaweka nusu hapa na nusu kule. Husema: nitakapotulia, karatasi zangu zitakapokamilika, nyumba ya kule itakapokwisha, tutakaporudi nyumbani. Watoto wataanza chuo tukirudi. Kiswahili watakijua tukirudi. Wazee nitawatazama vizuri nikirudi. Siku inayosubiriwa haina tarehe, na watoto hawasubiri, wanakua. Wazee wetu walisema: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Waliosema hivyo hawakuwahi kuishi katika miji hii, lakini sijui kama kuna watu methali hii inawafaa zaidi kuliko sisi.

Mambo tunayoyaahirisha ni mengi, nami sitaki kuyataja yote mkaondoka hapa hamna hata moja mkononi. Nitachagua moja, kwa sababu Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliliwekea kipimo cha muda. Nalo ni wasia.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Umar, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale usiku mara mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa na uko kwake. Na Ibn Umar akaeleza kwamba tangu aliposikia maneno hayo haukumpitia hata usiku mmoja ila wasia wake alikuwa nao. Tazameni tofauti: sisi tumeisikia hadithi hii mara ngapi, na ni wangapi katika ukumbi huu usiku huu wana karatasi hiyo? Sitaki mtu anyooshe mkono. Kila mmoja na ajijibu mwenyewe.

Kule nyumbani mtu akifariki bila ya kuandika, bado kuna kadhi, kuna wazee wa ukoo, na watu wanaijua mirathi. Hapa England na Wales mambo hayako hivyo. Mtu akifa bila ya wasia unaokubaliwa na sheria, mali yake hugawiwa na sheria ya nchi. Akiacha mke na watoto, mke huchukua vitu vya binafsi vya marehemu, na pauni 322,000 za mwanzo, na nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ni ya watoto. Ikiwa mali haikuzidi kiwango hicho, yote ni ya mke. Mama mzazi wa marehemu hapati hata pauni moja. Mama huyo, ambaye Mwenyezi Mungu amemtaja katika Suratu Nisaa na kumpa sudusi pale marehemu anapoacha watoto, anabaki kule Pemba au Malindi akiwa amempoteza mwanawe na haki yake pia. Na hakudhulumiwa na mkwewe wala na serikali. Amedhulumiwa na neno "nitaandika" la mwanawe aliyempenda.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Ikiwa ndoa ilifungwa hapa nchini kwa nikahi peke yake bila ya kuandikishwa kisheria, mke hatambuliwi kuwa ni mke katika mirathi ya nchi hii. Ndoa iliyofungwa nyumbani kwa kufuata sheria ya kule, kwa kawaida hutambuliwa. Lakini yule dada aliyeolewa katika sebule ya nyumba ya hapa, akaambiwa "tutakwenda kuandikisha baadaye", anaweza kukaa na mumewe miaka 15, kisha siku ya msiba akajikuta analazimika kwenda mahakamani kuomba kitu ambacho Qur'ani imempa bila ya kuomba.

Na mali si jambo kubwa kuliko yote. Wako watoto wadogo. Baba na mama wakiondoka pamoja katika ajali, Mwenyezi Mungu atuepushe, nani atawalea? Sheria inawaruhusu wazazi kumtaja mlezi katika wasia au katika maandishi yaliyotiwa saini. Wasipomtaja, uamuzi huwa wa mahakama. Kisha yako madeni ambayo hayajui mtu isipokuwa wewe na Mola wako: fedha ulizokopa kwa rafiki kwa maneno matupu, fedha za upatu ulizozishika kwa amana, kiwanja ulichonunua kwa jina la ndugu yako. Mwenyezi Mungu ametanguliza deni na wasia kabla ya mirathi. Warithi watalipaje deni wasilolijua?

Wako watakaosema kwamba kuandika wasia ni kujitabiria mauti. Ibn Umar aliandika, akaishi miaka mingi baada ya Mtume (S.A.W.) mpaka akawa mzee wa zaidi ya miaka 80. Karatasi haikumuua. Na wako watakaosema, bado sina mali. Mwenye deni la pauni 50 analo la kuandika, na mwenye mtoto mmoja analo la kuandika.

Ndugu zangu, huenda mtu akaniuliza: sisi tumelelewa kwamba haraka haraka haina baraka, sasa wewe unatuhimiza haraka? Methali hiyo ni ya kweli, nayo haipingani na haya. Inahusu namna ya kufanya kazi, kwamba usiiharakishe hata ukaiharibu. Haisemi kwamba usiianze. Abu Daud amepokea hadithi yenye maana kwamba utaratibu ni mwema katika kila jambo, isipokuwa katika amali za akhera. Aidha, si kila kuchelewesha ni lawama. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akizilipa siku zake za Ramadhani katika mwezi wa Shaabani, kwa kushughulika kwake na Mtume (S.A.W.). Alichelewesha kwa sababu ijulikanayo, katika muda ulioruhusiwa, na Ramadhani nyingine haikumkuta na deni. Ama mwenye kuziacha siku zake bila ya udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia, katika madhehebu ya Imamu Shafi juu yake ni kulipa pamoja na fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi fidia hiyo hukariri kwa kukariri miaka. Hata fiqhi inatufundisha kwamba kuahirisha kuna gharama, na gharama hiyo huzaa.

Basi dawa ni ipi? Wengi hudhani kwamba dawa ni kutia nia yenye nguvu zaidi. Lakini tumeona kwamba Ka'b alitia nia kila asubuhi. Alichokikosa ni kitendo kimoja kidogo: kumtandika mnyama wake siku ile ya kwanza. Lau angemtandika, angeondoka.

Na mwezi huu tulio nao unatufundisha jambo hilo hilo kila siku. Jana jua lilipotua, nani kati yetu alisema kwamba atafuturu baadaye? Tende ilikuwa mkononi, macho yalikuwa kwenye saa, hata watoto walikuwa wanahesabu dakika. Mtume (S.A.W.) ameifungamanisha kheri ya watu na kuharakisha futari. Na wakati wa daku, nani aliyeendelea kula baada ya alfajiri kuingia akasema dakika tano si kitu? Watu wale wale tunaolalamika kwamba hatuwezi kushika wakati, tunaushika kwa dakika kwa siku 29 au 30 mfululizo. Kumbe uwezo tunao. Tunachokosa katika mambo mengine ni saa ya kutuambia kwamba sasa jua limetua.

Kwa hiyo jiwekeeni saa hiyo. Usiku huu, kabla ya kulala au baada ya daku, chukua karatasi moja. Andika unayedaiwa naye na kiasi gani, unayemdai, amana za watu zilizo kwako, siku za saumu na zaka ambazo hujazilipa, na jina la mtu ambaye ungependa awalee wanao. Tia tarehe na saini, umwoneshe mkeo au mumeo mahali ilipo. Hilo ni tandiko la mnyama, halijawa safari.

Safari yenyewe ifanyeni kabla ya Idi. Nendeni kwa wakili anayeijua mirathi ya Kiislamu na sheria ya hapa. Wasia unaokubaliwa na sheria ya England na Wales lazima uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliohudhuria kwa pamoja, nao pia watie saini zao. Shahidi asiwe mtu aliyeandikiwa kitu humo, wala mume au mke wake, asije akakikosa. Na anayeoa baada ya kuandika lazima aandike upya, kwani kwa kawaida ndoa hubatilisha wasia uliotangulia. Kumbukeni pia kwamba mafungu ya warithi ameyakadiria Mwenyezi Mungu, sisi tunayaandika tu ili sheria ya nchi iyapitishe. Kilicho chenu kuusia kwa wasio warithi ni thuluthi, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Sa'd bin Abi Waqqas kwamba hata hiyo thuluthi ni nyingi. Ndugu zetu wa Scotland, Marekani na kwingineko mnaotusikiliza, sheria zenu ni nyingine, basi ulizeni huko mliko.

Katika Suratul Munafiqun, Mwenyezi Mungu anatupa habari ya mtu atakayefikiwa na mauti kisha aombe aakhirishwe kidogo tu, apate kutoa sadaka na awe miongoni mwa wema. Hataakhirishwa. Zingatieni kwamba mtu huyo haombi miaka. Anaomba muda mfupi, mfano wa huu tulioutumia kukaa hapa tangu tulipotoa salamu ya Witri. Muda anaouomba yeye, sisi tunao mkononi usiku huu.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na uvivu na kushindwa, na matumaini marefu yanayosahaulisha akhera. Utuwezeshe kulipa madeni yetu kabla ya kuyaulizwa, na kuwatendea wema wazee wetu wakiwa hai. Warehemu waliotutangulia, waliozikwa nyumbani na waliozikwa katika ardhi hizi za ugeni. Zikubali saumu zetu na visimamo vyetu, na utujaalie tuudiriki Usiku wa Cheo.

Wa sallallahu alaa sayyidina Muhammad, wa alaa aalihi wa sahbihi wa sallam. Walhamdu lillahi Rabbil aalamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.